Rudi Mwanzo

Jumamosi asubuhi duka la fotokopi la Barabara ya Nane, Ngamiani, lilikuwa limefurika wanafunzi, na wino wa mashine ukaisha pale pale zamu ilipomfikia Mwanamwema. Nakala ya mwisho ya somo la Kiingereza la wiki, yenye habari tano za dunia, maneno mapya ishirini na maswali matano, ilikuwa mkononi mwa kijana mrefu aliyevaa shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi hadi kwenye kola.

"Kaka, hiyo ndiyo ya mwisho?"

"Ndiyo."

"Basi nisomee, na mie nisikie."

"Hapa, mbele za watu?"

"Kwani yameandikwa matusi?"

Akacheka. Aliitwa Shaame, mzaliwa wa Wete, karani wa wakala wa forodha kule mpakani Horohoro. Mwanamwema alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na sababu ya kuihangaikia karatasi ile. Kampuni moja ya utalii ilitafuta mtu wa kuwatembeza wageni kwenye magofu ya Tongoni, kijijini kwao. Usaili ulikuwa baada ya miezi mitatu, kwa Kiingereza kitupu. Magofu aliyajua tangu utotoni. Kiingereza alikisoma na kukiandika; kukisema ndiko kulikomshinda.

Haukupita muda wakawa wapenzi, na kila siku saa kumi na moja jioni simu ililia.

"Habibty, umeshindaje?"

"Na sindano. Wewe?"

"Na malori. Haya, tusome."

Hapo utamu ulikwisha. Shaame alilelewa chuo cha Kurani, kwa mwalimu aliyemkatiza mtoto kwenye kila herufi aliyoikosea na kumrudisha mwanzo wa aya. Kwake yeye, kuliacha kosa lipite ilikuwa khiyana. Mwanamwema alisoma sentensi mbili, akateleza.

"Rudi mwanzo."

Alirudi. Alifika sentensi ya tatu.

"Rudi mwanzo, mpenzi."

Baada ya miezi miwili alijua mianzo ya habari arobaini na mwisho wa hata moja hakuujua. Kimbunga hakikufika nchi kavu, mgomo wa madaktari haukuisha, waziri hakumaliza hotuba.

"Shaame, hawa watu wa mafuriko waliokolewa?"

"Tutajua ukisoma sawasawa."

"Yarabi! Watakufa maji wakinisubiri mie!"

"Nakusahihisha kwa sababu nakupenda."

"Basi nipende kidogo, baba. Nipende nusu."

Siku ya usaili alivaa baibui alilolishona mwenyewe, lenye ukingo wa hariri ya kijani. Wasaili walikuwa watatu, na swali lilikuwa rahisi: tueleze ulikozaliwa. Alianza vizuri. Kwenye sentensi ya pili alikosea neno moja dogo, na ingawa hakuna aliyemkatiza, alirudi mwanzo. Akakosea pengine, akarudi tena. Alirudi mara tano. Mama aliyekaa katikati akatazama saa ya ukutani, akamshukuru kwa kuja.

Jibu lilikuja kwa ujumbe wa simu: hakuchaguliwa, anaweza kuomba tena Desemba. Alimtumia Shaame ujumbe ule ule, bila kuongeza neno. Shaame aliamini kwamba mazoezi hayakutosha. Akamrekodia sauti: "Pole sana, mpenzi. Usijali. Tutaanza upya, na vitenzi kwanza."

Mwanamwema aliisikiliza mara moja, akaizima simu. Kwa siku tisa hakupokea. Alishona sare za shule kwa hasira hadi sindano mbili zikavunjika.

Siku ya kumi alipiga yeye.

"Alhamdulillahi! Nilidhani..."

"Nyamaza. Usiseme neno mpaka nimalize."

Kisha akasema kwa Kiingereza. Alisema kwamba sauti ya Shaame imekaa kichwani mwake kama askari wa zamu, kwamba mbele ya wale watu watatu hakumwogopa yeyote ila yeye, kwamba amemchoka na anataka kumwacha. Aliyavuruga maneno, akachanganya jana na kesho, akaendelea. Alisema pia kwamba hizo siku tisa, kila saa kumi na moja ilipofika, hakuweza kushona. Akamaliza. Upande wa pili lori lilinguruma kwa mbali.

"Upo?" aliuliza, sasa kwa Kiswahili.

"Nipo."

"Makosa mangapi?"

"Nilihesabu hadi saba. Uliposema unataka kuniacha, hesabu ikanipotea."

Mwanamwema akaketi juu ya marobota ya vitambaa. Mwanamume huyu alihesabu magunia ya lori zima kwa macho, na hakuwahi kukosea.

"Desemba naenda tena," alisema. "Nitasoma na wewe, na utaningoja nifike mwisho."

"Nitanyamaza."

"Hutaweza."

"Nitauma ulimi. Mwanamwema, niwalete wazee wangu Tongoni?"

Alitunga kwanza uzi kwenye sindano, taratibu, amwonjeshe naye kungoja.

"Walete Jumapili. Na mama akilikosea jina lako, mwache hivyo hivyo amalize."