Nilikata Waya wa Amplifaya, Shemeji Yangu Akafa Ameshika Besi

Mimi ni mzee wa miaka sabini na mmoja, mkulima wa migomba na kahawa hapa Bweranyange, Karagwe. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo wasomaji wenzangu mtanivumilia nikizungukazunguka. Mke wangu amenishauri jambo hili niende nalo kaburini. Nimekataa! Litaniozea tumboni kabla sijafa.

Tangu ujana napiga gitaa la besi. Nilianzia kwenye bendi ya dansi, wenzangu wa bendi ile wote wamekufa, mmoja tulimzika amevaa shati langu. Baadaye nikaokoka nikahamia kwaya ya kanisa letu la Kilutheri. Besi ina nyuzi nne nene. Inatembea chini ya wimbo, watu hawaisikii, ila ikinyamaza wanageuka kuuliza kumetokea nini.

Mwanangu aliye Mwanza aliniletea besi mpya iliyotengenezwa kwa mtindo wa zamani. Rangi yake kama ndizi iliyoiva sana, njano katikati na nyeusi pembeni, shingo nene kama mpini wa jembe. Nililia kuiona! Ilikuja na amplifaya yake ya mtumba.

Sasa shemeji yangu Laurenti, aliyemuoa mdogo wangu Gaudensia, yeye alikuwa Bugomora kule Kyerwa. Wazazi wake walitoka Rwanda zamani, lakini yeye alizaliwa hukuhuku. Naye alikuwa na besi ya mtindo wa zamani, nyeusi, shingo nyembamba. Tuliitana muramu, ndivyo mashemeji tunavyoitana huku, na mashemeji kutaniana ni wajibu.

"Muramu, hiyo shingo umeichonga kwenye mgomba gani?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Na hiyo yako ni besi au mswaki?" nikamjibu.

Kila mwezi alikuja na besi yake mgongoni juu ya bodaboda, Gaudensia akimfuata kwa nyingine na amplifaya yao, tukashindanisha besi zetu. Wake zetu tuliwageuza watazame ukutani, tukapiga wimbo uleule mmoja baada ya mwingine, wao wakasema ipi tamu. Kila mara ilishinda ya Laurenti. Kila mara! Mke wangu mwenyewe alisema bila haya, "Ya shemeji inaimba. Hii nyingine inavuma kama nzi kwenye chupa."

Ni kweli amplifaya yangu ilivuma. Lakini mzee mzima nilikosa usingizi kwa maneno yale... Mnaweza kucheka.

Nikakumbuka mwenzangu mmoja wa bendi alivyosema kwamba mvumo unaletwa na ule waya wa kijani na njano kwenye plagi. Nikafungua plagi, nikaukata kwa kisu cha kumenyea ndizi. Mvumo ukafa palepale! Sikujua kwamba ule ndio waya unaomlinda mtu umeme ukivuja. Wala sikuuliza. Ningemuuliza nani, na mimi ndiye nilitaka kushinda?

Mwezi ule nilishinda. Laurenti aliipakata besi yangu, akafumba macho, akasema, "Muramu, hii ni sauti ya ujana wetu." Akaomba tubadilishane. Binti yake Agripina alikuwa anaagwa kwenda kuolewa baada ya majuma mawili, akataka kumpigia kwa besi ile. Nikamwambia anipe siku chache.

Katika siku hizo ndipo besi iliponiuma. Nilikuwa nimetoka shambani na buti za mpira, nikapiga vizuri tu. Nikazivua. Sakafu ilikuwa mbichi... nilipogusa nyuzi, kitu kikapanda mkononi mpaka begani, kinawasha kama upupu. Nikavaa buti, kimya. Nikavua, ikauma tena, safari hii zaidi.

Nilijua ni umeme, ndugu zangu. Sitawadanganya kwamba sikujua.

Lakini ningeuunga waya, mvumo ungerudi. Na ningemwambiaje? Angefungua plagi, angeona waya umekatwa, angejua nilishinda kwa hila. Angeyasimulia Kyerwa nzima, maana Laurenti kwa masimulizi hakuwa na breki. Na ile besi yake nyeusi niliitamani pia, nalo nalikiri. Nikampa vyote, besi na amplifaya. Nikamwambia neno moja tu, "Muramu, ukiipiga vaa viatu."

"Kwani inataka niivalie na tai?" Akacheka. Na mimi nikacheka!

Siku ya kumuaga Agripina mvua ilinyesha asubuhi. Sisi huku nyumba ikiwa na shughuli inatandikwa nyasi mbichi sakafuni, na hakuna mtu wa kuzikanyaga na viatu. Ukizikanyaga na viatu umeitukana nyumba. Hilo nalijua tangu natambaa! Sasa nilipomwambia avae viatu nilifikiri atavivaa wapi?

Saa saba mchana wageni wa upande wa bwana harusi walikuwa wamekaa, wanatafuna punje za kahawa, ndiyo desturi yetu. Laurenti akaingia na suti yake ya kijivu. Akavua viatu mlangoni, akavua na soksi. Nyasi zilikuwa zinachuruzika maji, niliyaona yakitokeza katikati ya vidole vyake.

Amplifaya ilikuwa imeshawashwa. Nikainuka nusu...

"Mzee kaa, unatuziba," akasema mtu wa nyuma yangu.

Nikawatazama wale wakwe. Nikaona aibu. Nikasema moyoni, ni wimbo mmoja tu.

Nikakaa. Nilikaa, jamani!

Laurenti akavaa mkanda wa besi, akasema, "Mwanangu, huu ni wako." Akashika nyuzi. Hakupiga hata sauti moja. Akaanza kutetemeka amesimama, kichwa nyuma, na watu wakadhani anacheza... wakapiga vigelegele! Gaudensia naye alipiga.

Ni mimi peke yangu niliyejua. Nikakimbia nikang'oa plagi ukutani. Akaanguka kifudifudi juu ya besi. Tukamkimbiza hospitali, wakatuambia amekwisha.

Msibani nikawa shujaa. Watu walinishika mkono, wakasema, "Kama si huyu mzee tungezika wengi." Gaudensia mwenyewe alinisifu mbele ya mchungaji. Hakuna aliyeniuliza nilijuaje kukimbilia plagi. Nikala wali wa msiba huku nasifiwa.

Matanga yalipoisha, Gaudensia aliniletea ile besi. Akasema, "Kaka, ichukue. Marehemu alisema wewe ndiye unayeijua."

Hapo nikapiga magoti, nikamwambia yote. Alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Alinisikiliza bila kuinua macho.

"Ulipoinuka pale ukakaa tena," akaniuliza, "ulitaka kusema?"

"Ndiyo."

"Nani alikuzuia?"

Akatupa kijiwe kimoja nje, akaendelea kuchagua. "Nenda kwako kaka. Nikitaka kukuona nitakuita."

Miaka miwili sasa hajaniita. Agripina amejifungua mtoto wa kiume, nasikia amempa jina la babu yake Laurenti. Sijamwona. Besi zote mbili ziko kwangu, na kwayani nimeacha kwenda.

Nawasihi nyie mnaosoma, hasa wapiga vyombo wa kwaya zetu. Chombo chako kikikuuma, kizime, mwite fundi. Na kama umempa mwenzako kitu unachojua kina hatari, mwambie leo, hata mbele ya wakwe, hata akikucheka. Mimi ningechekwa wiki moja, labda mbili, halafu Laurenti angepata utani mwingine... na angekuwa hai.