Chokaa Mgongoni

Ijumaa mchana, basi linalotoka stesheni ya Trieste halina pa kuweka hata mguu. Rike alipandia mlango wa nyuma, begi mgongoni, gauni lake la kitani la rangi ya haradali limekunjamana kwa saa nane za basi la bei poa kutoka Munich. Rafiki zake wawili, Jule na Sibel, walibanwa ubavuni mwake wakicheka. Mashine ya kugonga tiketi ilikuwa mbele kabisa.

"Mpe huyo wa mbele yako," mama mmoja alimwambia.

Ndivyo tunavyofanya hapa. Tiketi hupita mkono kwa mkono, hugongwa, kisha hurudi kwa mwenyewe. Ya Jule ikarudi, ya Sibel ikarudi. Ya Rike, kimya.

"Jamani, tiketi yangu!"

"Ninayo mimi," alijibu kijana mrefu kule mbele, shati jeupe limekunjwa mikono, ndevu za siku mbili. "Ila mwenyewe ajitaje kwanza."

"Rike!"

"Rike wa wapi? Ana mtu?"

Basi zima likaangua kicheko. Rike akahisi masikio yanawaka. "Kaka, nirudishie tiketi. Nikipigwa faini utalipa wewe na umbea wako!"

"Heri nilipe, ili mradi nijue pa kukupata."

Kijana huyo ni Livio, fundi umeme wa bandarini. Siku nyingine asingekuwemo basini hata kidogo, ila pikipiki yake ilikuwa kwa fundi. Alishuka kituo kimoja na wao, akawabebea mabegi mpaka kwenye chumba chao cha vitanda viwili kwa watu watatu.

"Shoga, umeshanaswa," Jule alimwambia Rike mlango ulipofungwa.

"Nani? Mimi? Thubutu!"

Rike alikuwa na sababu ya kujihadhari. Mchumba wake alimsubirisha miaka minne, kila mwaka akimwambia harusi ni mwakani, kisha akaoa mwingine. Tangu hapo alijiapiza: mwanamume akimsubirisha hata saa moja, hamuulizi kitu, anaondoka zake. Wenzake wanakijua kiapo hicho. Livio hakukijua.

Jumamosi Livio aliwakuta kwenye gati wanakula mkate na soseji ya mortadela, miguu ikining'inia juu ya maji. Alileta cheri kwenye mfuko wa karatasi. Alasiri akampakia Rike kwenye pikipiki yake, iliyotoka kwa fundi asubuhi ile, wakapanda mlimani kwa mkulima aliyetundika tawi la majani mlangoni, ishara kwamba siku hizo anauza divai yake. Walikula mayai ya kuchemsha na nyama iliyokaushwa. Rike alicheka mpaka akajishangaa. Alirudi na vumbi kwenye viatu na moyo mwepesi, akashukuru kimoyomoyo kwa ubovu wa pikipiki uliompandisha Livio basini.

Usiku simu ikalia.

"Kesho mnaondoka saa ngapi, kipenzi?"

"Saa tisa alasiri. Usiniite kipenzi, hunijui."

"Basi nipe nafasi nikujue. Saa nne asubuhi, pwani ya Lanterna. Utanikuta ndani ya geti."

"Livio, usinisubirishe. Nakuomba."

"Mimi? Nitakuwepo kabla yako."

Kuna jambo hakumwambia, wala simlaumu sana. Tangu utotoni tunaoga pwani ile, na mtu haambiwi kwamba bahari ina chumvi.

Saa nne kamili Rike alikuwa ndani na wenzake, wamewafuata wanawake waliokuwa wakiingia getini. Kanga yake ya kuogea ilikuwa ya buluu, nywele kazibana kwa kibanio chekundu. Aliketi kwenye kokoto, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta mrefu mweupe uliofika hadi baharini. Alidhani pwani inaishia hapo. Saa nne na nusu akapiga simu. Haikupokewa. Akapiga mara ya pili, ya tatu, ya nne. Saa tano ikafika.

"Labda kapatwa na jambo," Sibel alisema.

"Wote huwa wanapatwa na jambo." Machozi yalikuwa yamemjaa machoni. "Kusanyeni vitu, twendeni."

Bibi mmoja mweusi kwa jua, kofia ya majani kichwani, alikuwa akikata aprikoti, lile tunda dogo tamu la manjano la Juni. Akamkatia kipande. "Unamlilia nani, mwanangu?" aliuliza kwa Kijerumani cha kuokoteza.

"Mwanamume aliyeniambia tukutane hapa."

"Hapa?" Bibi huyo, Nives kwa jina, alitazama huku na huku, na wanawake waliomzunguka wakaanza kucheka. "Hebu angalia vizuri. Umemwona mwanamume gani hapa?"

Rike akaangalia. Wanawake watupu, na watoto wao.

"Wao wako upande wa pili wa ukuta huu. Miaka zaidi ya mia sasa. Tunaachana getini, tunakutana saa ya chakula. Anaitwa nani huyo wako?"

"Livio."

Bibi Nives akainua kidevu. "Oyaa, nyie wanaume! Yuko wapi Livio?"

"Livio yupi?" sauti nzito ilijibu kutoka ng'ambo. "Tunao watano!"

"Wa pikipiki mbovu!" Rike akapaza sauti.

Jina likaanza safari, mdomo kwa mdomo kando ya ukuta, kama ile tiketi. Kisha jibu likarudi, karibu mno.

"Rike? Nipo hapa tangu saa tatu na nusu! Simu nimeifungia chini ya kiti cha pikipiki, maji ya chumvi yaliniulia ile ya kwanza. Nikadhani umebadili mawazo!"

"Mjinga wewe! Mbona hukuniambia kuna ukuta?"

"Nilisahau kwamba kuna watu hawaujui! Rike, utarudi?"

Pande zote mbili zikatega masikio, hata watoto.

"Nitarudi!" alisema, akilia na kucheka pamoja. "Mwezi ujao nina likizo!"

Walipiga makofi huku, wakapiga makofi kule. Rike akambusu Bibi Nives mashavu yote mawili. "Asante, bibi. Mungu akuweke."

Getini walikumbatiana. Jule, aliyekuwa nyuma yao na mabegi, ndiye aliyeona. Mgongo wa Rike ulikuwa mweupe kwa chokaa ya ukuta. Na mgongo wa Livio ulikuwa na chokaa hiyohiyo: asubuhi nzima walikuwa wameegemea ukuta uleule, kila mmoja upande wake.