Chura Aliyepewa Jina la Munira

Nyie mliocheka, nawajua. Mtu akiumizwa mnageukiaga pembeni, halafu mnauliza kulikoni. Siku Munira alipodhalilishwa kwenye grupu la mtaa, hapa hapa Tabata, mlirusha vicheko mkaendelea kula.

"Mama, msome mkweo!" Kondo, kaka yake Munira, alimpa Bi Mwajabu simu. "Huyo ndo Faraji, mtafiti wa milimani."

Ujumbe uliozagaa grupuni ulisema: "Chura wangu nitamwita Munira."

"Chura? Mjini hapa nani hajui chura ni nini? Makalio ya mwanangu ndo ya kutungiwa majina? Posa irudi!"

Munira akapiga simu. Faraji hapatikani, Uluguru juu kule mtandao hamna. Akajifungia ndani, akalia mpaka sauti ikakauka.

Faraji aliposhuka, akawa anashinda mlangoni kwao.

"Shikamoo mama. Nisikilize."

"Marahaba. Ondoka."

Mwishowe Munira akatoka, akampokonya Faraji simu. "Lete niuone huo uchafu wako!"

Ujumbe mzima ulikuwa kwa Kondo: "Shem, nimepata chura asiyejulikana duniani. Nataka kumshtukiza dada'ko, usimwambie. Chura wangu nitamwita Munira."

"Kondo! Umekata maneno ya juu, ukasambaza ya chini tu?"

"Nassibu ana maroli Kurasini, anakutaka. Huyu anakimbiza vyura!" Kondo akajitetea.

Faraji akawasikilizisha sauti aliyoirekodi. Ti, ti, ti, kama kijiko kwenye glasi.

"Kumbe chura kweli," Bi Mwajabu alisema taratibu.

Hapo hapo simu ikaita. Alikuwa Eliaichi, mwenzake wa msituni.

"Braza, tangu ushuke wamekata miti yote. Kijito matope matupu. Hakuna kinacholia."

Faraji akakaa chini, vumbini.

"Nilikuwa na dume mmoja tu. Nilipaswa kurudi kutafuta jike nimalizie kumwandika kisayansi. Nami nipo hapa, nabembeleza mlango."

"Na jina langu?"

"Jina lipo, Munira. Mwenye jina hayupo."

"Posa naipokea, mwanangu," Bi Mwajabu alisema. Hakuna aliyepiga kigelegele. Munira alikaa vumbini naye, akamshika mkono.

Eliaichi anasema ng'ambo ya bonde kimebaki kijito kimoja, na wakataji wameshahamia huko. Usiniwekee emoji ya kulia. Piga ofisi ya misitu, waambie Uluguru inakatwa, wakikuzungusha piga tena. Sasa hivi! Msumeno haukungoji umalize chai.