Jina Lililopigwa Msasa

Jumamosi ile tulikula maharage na mkate wa mahindi mapema, kisha nikapanda gari na mume wangu, Wendell, twende dukani kwa Purvis. Wendell alikuwa shemasi wa kanisa letu hapa milimani, mtu wa upara na vicheko. Alitaka bunduki ya bei nafuu kabla ya msimu wa kuwinda kulungu, na Purvis alikuwa amepokea sanduku la bunduki kuukuu za jeshi, masalia ya vita vya watu wa mbali.

Zililala sandukuni kama samaki, zimepakwa grisi ya kahawia na kufungwa karatasi. Zilinuka mafuta ya nguruwe yaliyochacha. Nikaziba pua.

"Usimkunjie uso, Orpha," Purvis alinitania. "Bibi harusi huyu anataka kuogeshwa tu."

"Na mwogeshaji ndiye mimi," Wendell akacheka.

Akachagua moja. Kwenye kitako, pale mpigaji anapolaza shavu, palichongwa jina kwa ncha ya kisu, kwa herufi tusizozijua. Purvis aliliona, akaacha kutabasamu.

"Shemasi, toa grisi, basi. Msasa usiguse hapo. Aliyechonga jina ndiye mwenyewe, hata akifa."

"Wewe unaogopa wafu kuliko Mungu, Purvis."

Nyumbani aliifunga bunduki ndani ya mfuko mweusi wa taka uliotobolewa chini, akaiegemeza uani juani, kama wafanyavyo wanaume wa kwetu, ili joto liitoe grisi kwenye mbao. Chini yake akaweka sinia langu la kuokea bata mzinga. Nilipotoka kuangalia, sinia lilikuwa na uji mzito wa rangi ya kutu, na nzi wametanda. Ndani ya uji nikaona unywele. Mfupi, mwekundu. Nikauvuta. Ukaja na kipande cha kitu cheupe, laini.

Nilitapika juu ya maua yangu.

"Wendell, irudishe."

"Uchafu wa vita tu, mke wangu. Utatoka."

Kisha akachukua msasa. Alisema hawezi kulaza shavu lake juu ya jina la mtu mwingine. Alisugua mpaka mbao ikawa nyeupe, na jina likaisha. Akaiinua bunduki, akalenga mti. Alipoishusha, shavu lake liling'aa.

Akalifuta. Likang'aa tena.

Tangu siku hiyo bunduki ilikuwa kavu. Grisi sasa ilimtoka Wendell mwenyewe. Masikioni. Kwenye kope. Pembeni mwa kucha. Alijisugua kwa sabuni ya kufulia, kisha kwa mafuta ya taa, lakini foronya zake zililowa grisi hata nikazitupa. Kanisani watu walihama benchi letu mmoja mmoja. Alipopitisha sahani ya ushirika, waumini walitazama vidole vyake, wakaisukuma mbele bila kuchukua. Mimi ni mkewe. Nilichukua mkate, nikatafuna, nikameza.

Ulikuwa na ladha ya lile sinia.

"Orpha," aliniambia mezani, kwa sauti ya chini. "Nanuka mtu."

"Mtu gani?"

"Sijui jina lake. Nililifuta."

Madaktari hawakuona ugonjwa. Wendell aliyeyuka kama mshumaa, akafa kabla msimu haujafunguliwa. Mwosha maiti aliniita pembeni, mikono yake ameificha nyuma.

"Mama, nimemwosha na kumwosha. Nifunge jeneza?"

"Funga, mwanangu."

Bunduki niliirudisha kwa Purvis. Hakuigusa. Alinionyesha sakafu kwa kidevu.

Sasa kila Jumapili, ibada ikiisha, mimi huenda kaburini kumwimbia. Siku za mawingu jiwe lake ni kavu. Jua likiwaka, hutoa jasho la kahawia, palepale penye jina lake, na nzi hunitangulia kufika. Mimi hufuta kwa kitambaa, huku nikimwomba Bwana anipe tumbo la kuvumilia.

Jumapili iliyopita kitambaa kilitoka na unywele. Mfupi, mwekundu. Nikapitisha kidole juu ya jina la mume wangu.

Herufi ya kwanza haikuwapo. Jiwe pale lilikuwa jeupe na laini, na vumbi lake bado lilikuwa juu ya nyasi.