Jeshi Lililopiga Magoti

Wa kwanza kuinama alikuwa mpiga ngoma.

Fundi Meno alimwona asubuhi, yeye mwenyewe akinywa chai, siku ya tatu ya lile joto ambalo redio iliwaonya watu wasitoke nje mchana. Sanamu yenyewe haikuzidi urefu wa kidole gumba. Jana yake ilisimama wima kabatini pamoja na wenzake. Leo magoti yalikuwa yamekunjika na paji la uso limelalia ngoma.

"Joto hilo," alijisemea, akaendelea na chai yake.

Alilijua joto na vituko vyake. Kazini alitengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki, na jina la Fundi Meno lilimganda huko huko. Nyumbani alimimina resini, ile plastiki inayoanza kama maji kisha inakauka ngumu kama mfupa, akapata askari, wapiga tarumbeta, farasi na wapishi wa kambini. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiwapaka rangi, mmoja mmoja, kwa brashi nyembamba kama kope. Sasa walikuwa jeshi zima, zaidi ya mia, wamejipanga katika kabati la vioo sebuleni. Mkewe, aliyeshona sare za shule kwenye cherehani karibu na dirisha, aliwaita "wake wenzangu."

"Mke mwenzangu mmoja kachoka," alisema siku hiyo, uzi ukiwa mdomoni. "Umewasimamisha mno, baba."

Fundi Meno alicheka. Akamchovya mpiga ngoma katika maji ya moto, akamnyoosha taratibu kwa vidole, kisha akamtia maji baridi ili agande upya. Akatundika pazia zito dirishani, akalisogeza kabati mbali na ukuta unaopigwa na jua, na ndani yake akaweka kipimajoto.

Kesho yake walikuwa wameinama kumi na wawili.

Kipimajoto cha ukutani kilisema nyuzi thelathini na tatu. Cha kabatini kilisema sitini na moja, na bado vioo, alipovigusa, vilikuwa baridi. Lakini si hilo lililomfanya achuchumae pale muda mrefu. Resini ikilainika, kila sanamu huegemea upande unaovutwa na uzito wake, huyu kushoto, yule nyuma. Hawa wote walikuwa wamepiga magoti kuelekea upande mmoja: kwenye cherehani.

"Umewachezea hawa?" aliuliza.

"Mimi? Na hizi sare zote zinaningoja?" Mkewe alijikunyata. Alikuwa amevaa sweta, kalifunga vifungo mpaka shingoni. "Hebu funga hilo pazia vizuri. Nasikia baridi."

Fundi Meno alimshika mkono, akauachia upesi. Ulikuwa wa moto kama sufuria iliyotoka jikoni.

Siku hiyo hakwenda kazini. Alimpa mkewe dawa ya homa, na kwa kuwa mikono yake haikujua kukaa bure, akatafuta boksi la barafu, lile zito la kuhifadhia vinywaji. Akapanga chupa za maji yaliyoganda, akazifunika kwa taulo zisiwaloweshe sanamu, akalilaza jeshi lake juu ya taulo, safu kwa safu. Akafunga kifuniko.

Saa sita mchana boksi likaanza kulia. Tik. Tik. Kama mtu anayejivunja vidole.

Alikifungua. Harufu ya chuma kilichoungua na nguo iliyobabuka ilimpiga usoni, na chupa alizozitia zikiwa jiwe la barafu sasa zilikuwa zinafuka mvuke. Sanamu zilikuwa wima juu ya magoti yao, zote, nyuso zimeelekea jikoni alikokuwa mkewe, na aliposikia ndara za mkewe zikitoka jikoni, zikiburuzwa pole pole ukumbini, tik ikaanza tena, na mbele ya macho yake shingo zile nyembamba kama njiti za kiberiti zikageuka, mia na ushei kwa pamoja, pole pole kama alizeti, zikimfuata yule mwanamke kutoka mlango mmoja hadi mwingine, mpaka aliposimama nyuma ya mumewe, na sanamu zikamtazama Fundi Meno kana kwamba zinapita katikati ya kifua chake kumwona aliyeko nyuma.

"Baba," mkewe alinong'ona, "mbona unanigeuzia mgongo?"

Hakuthubutu kugeuka. Alimwambia akalale kidogo, na sauti yake mwenyewe hakuitambua.

Bi Pasi, ambaye Fundi Meno alituma aitwe, alikuja kabla ya chai ya jioni. Alikuwa mpiga pasi wa mtaa wa nyuma, mwanamke mfupi mwenye mikono iliyojaa makovu ya moto, na watu walimwendea kwa nguo zao na kwa mambo mengine wasiyoyasema hadharani. Hakumtazama mgonjwa kwanza. Alilitazama kabati tupu.

"Hapa katikati palikaa nani?"

"Hapakukaa mtu. Ni nafasi ya jemadari. Bado sijamtengeneza."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Kila mwaka nasema mwaka huu."

"Miaka yote hiyo jeshi halina mkubwa," alisema Bi Pasi kwa sauti ya chini, "nawe ukashangaa mtu akija kuliongoza?"

Aliingia chumbani, akakaa kitandani, akasoma kisomo chake huku akimnyunyizia mgonjwa maji. Kila tone lilipogusa ngozi lilichachatika. Mkewe akakaa kitako ghafla, macho wazi, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nzito na kavu.

"Wangu hao."

"Nani kakupa?"

"Niliona nafasi, nikakaa. Na huyu bwana anawaficha watu wangu kwenye barafu."

"Na mwanamke huyu kakukosea nini?"

"Nilihitaji mahali pa kungojea."

"Ukipewa watu wako, utamwachia?"

Midomo ya mkewe ilikuwa imepasuka, inatoka damu.

"Waletwe juani, jua la utosi. Nitatoka nao."

Usiku ule Fundi Meno aliukesha kwa kitambaa kibichi na ndoo ya maji. Mara mbili alilifungua boksi, akamshika mpiga ngoma, akamrudisha. Miaka kumi na mmoja. Mara ya tatu alimsikia mkewe akilia usingizini kwa sauti yake mwenyewe, ndogo, kama mtu aliyefungiwa chumba cha mbali. Hakulifungua tena.

Saa sita mchana alitandaza bati uani, akawapanga kama walivyokuwa kabatini, na nafasi katikati. Bi Pasi alisimama mlangoni akisoma. Walianza kuinama kuelekea nyumba. Kisha upepo wa moto ukatoka ndani, ukampita Fundi Meno ukamchoma nyusi, ukaingia katikati ya jeshi. Rangi zikatutumka. Vichwa vikagusa bati.

Ndani mtu alikohoa.

"Maji! Jamani, nani kanivika sweta na jua hili?"

Fundi Meno alimkuta mkewe anahangaika na vifungo, jasho likimtiririka, na mkono wake ulikuwa mkono wa mtu. Alimpa maji jagi zima. Bi Pasi alikunywa glasi yake, akaaga, akarudi kwenye nguo za watu.

Alasiri, mkewe akiwa ameshaomba chakula, Fundi Meno alitoka uani na ufagio kuzoa mabaki. Jua lilikuwa limepungua na resini imekwisha ganda. Alitaka kuona walivyogeukia getini, njia ya kuondokea.

Hakuna hata mmoja aliyegeukia getini. Wote walikuwa wamesujudu kuelekea kushoto, kwenye ukuta mfupi wa jirani, fundi baiskeli, ambaye mkewe alikuwa ametoka kujifungua juzi tu.

Sauti ya yule mama ilikuja juu ya ukuta, ya kunong'ona, ya woga.

"Baba nanii, hebu njoo umshike mtoto. Mbona anatetemeka na joto lote hili?"

Ufagio ulimdondoka. Fundi Meno alikimbia peku kwenye lami inayounguza kumfuata Bi Pasi, na njia nzima alijiuliza jambo moja tu: jeshi limekwisha, sasa atalipa nini ili mtoto aachiwe?