Kwa Nini Lori la Wepukhulu Lilipiga Mluzi

Kila asubuhi, kabla ya chai, Wepukhulu aliosha lori lake. Alianza na kioo, kisha taa, kisha magurudumu. Jirani zake wa Nyalenda walimcheka kidogo. "Bwana Wepukhulu, lori lako linaoga kuliko sisi," walisema. Yeye alitabasamu tu.

Wepukhulu na mkewe Metrine walikuja Kisumu kutoka Bungoma wakiwa vijana. Wepukhulu alibeba magunia, kisha akawa dereva wa malori ya watu. Metrine aliuza nguo sokoni. Baada ya miaka mingi ya kazi, mwaka wa 1977, walinunua lori lao wenyewe. Halikuwa jipya, lakini lilikuwa na nguvu. Injini yake ya dizeli ilikuwa na turbo. Metrine aliacha kuuza nguo, akawa anasafiri na mumewe kuangalia mizigo.

Kiangazi kilipofika, barabara za murram, zisizo na lami, zilijaa vumbi. Lori likaanza kuchoka. Siku moja walisimama Awasi kunywa chai. Dereva mmoja akamwambia Wepukhulu, "Chujio lako la hewa limeziba. Litoe, ulitupe. Wacha gari ipumue."

Wepukhulu alifungua kopo kubwa la chujio, akatoa chujio lenyewe, akalitupa. Kopo akaliacha wazi, bila kifuniko. Lori lilipata nguvu kidogo. Pia likaanza kupiga mluzi mkali kila alipokanyaga mafuta.

"Sikia!" alisema kwa furaha. "Hiyo ndiyo sauti ya nguvu."

"Mimi nasikia kelele," alisema Metrine. "Tulipolinunua halikulia hivi."

Baada ya muda, mgeni alifika nyumbani kwao. Aliitwa Mzee Absalom Amolo. Alitoka Nyakach, juu ya Katito, na alikuwa mwenyekiti wa harambee ya kujenga nyumba ya akina mama kujifungulia.

"Kuta zimesimama," alisema Mzee Absalom. "Wanawake wenyewe walifyatua matofali. Lakini ni matofali mabichi, hayajachomwa. Mvua ya masika ikiyakuta bila paa, kuta zitayeyuka. Mabati na mbao ziko hapa Kisumu. Barabara yetu inapanda mlima sana. Malori mengine yamekataa. Watu wamesema, mwambieni Wepukhulu."

Wepukhulu alikaa wima kwenye kiti. "Mzee, Jumamosi mtaona mabati yenu."

Lakini siku mbili kabla ya safari, walipokuwa wakipanda barabara ya Kericho na mzigo wa saruji, lori lilipungua nguvu ghafla. Moshi mweusi ulitoka nyuma. Chini ya boneti kulikuwa na sauti nyingine: fssss, kama tairi linalotoa upepo.

Wepukhulu alikagua, akaona paipu nene ya mpira imepasuka. Aliifunga kwa kipande cha tyubu. Lori likaenda polepole hadi mwisho wa safari.

"Sasa kuna sauti mbili," alisema Metrine walipokuwa wakirudi. "Kuna mluzi na kuna fssss. Tusipande Nyakach hivi."

"Mimi ndiye dereva, Metrine. Najua lori langu."

"Lori letu," alisema Metrine. "Likishindwa mlimani na mzigo, litarudi nyuma na sisi ndani. Na wale akina mama watakosa paa. Twende kwa fundi Sukhdev."

Wepukhulu aliendesha mpaka mjini. Walipofika njia panda, alikata kona kuelekea gereji.

Sukhdev Singh alikuwa na gereji karibu na reli. Alitengeneza injini za malori na za mashua. Alitoka nje akijifuta mikono.

"Karibu, Mama. Karibu, Bwana Wepukhulu. Lori lako nimelisikia kabla sijaliona."

"Lina nguvu," alisema Wepukhulu.

"Hapana, linalia. Ngoja nikuonyeshe."

Alifungua boneti. "Turbo ni kama feni ndogo," alieleza. "Moshi unaotoka kwenye injini unaizungusha kwa kasi sana. Ikizunguka, inavuta hewa safi kutoka nje, inaisukuma ndani ya injini. Injini ikipata hewa nyingi, inachoma dizeli vizuri. Hapo ndipo nguvu inatoka."

"Na mluzi?" aliuliza Metrine.

"Feni ikizunguka kwa kasi lazima ilie. Lakini hewa inapita kwanza kwenye chujio, kwenye kopo lake, halafu kwenye paipu. Vitu hivyo vinachuja vumbi, tena vinazuia sauti. Ni kama mtu anayepiga mluzi ndani ya nyumba. Ukifunga mlango, husikii sana. Ninyi mmeng'oa mlango."

Sukhdev alichukua chujio jipya la karatasi, akaliweka ndani ya kopo, akafunga kifuniko. Fundi wake akawasha injini na kukanyaga mafuta. Mluzi ulishuka. Wepukhulu alisogea karibu, akatega sikio.

"Kumbe mluzi haukuwa nguvu," alisema taratibu. "Ni sauti tu iliyotoka nje."

"Na vumbi likaingia ndani," alisema Sukhdev. "Feni hiyo inazunguka kasi sana. Chembe ya mchanga ikiipiga, inaikwaruza kama msasa. Vumbi lingine linaingia kwenye injini na kuila."

"Bado kuna ile fssss," alisema Metrine.

"Mama, una masikio mazuri. Lete maji ya sabuni."

Walimwaga maji ya sabuni juu ya ile paipu iliyofungwa tyubu. Fundi alikanyaga mafuta tena. Mapovu yalitoka kwa wingi.

"Hewa ambayo turbo imesukuma inatorokea hapa," alisema Sukhdev. "Injini inapata dizeli lakini haipati hewa ya kutosha. Ndiyo maana unaona moshi mweusi, na mlima unakushinda."

Alizima injini. Kisha alifungua paipu ya kuingiza hewa na kugusa feni. "Msiguse hapa injini ikiwaka, vidole vitakatika," alionya. Aliitikisa kidogo. "Kingo zimeanza kulika, lakini feni haigusi ukuta wa turbo. Ingekuwa inagusa, mngesikia chuma kinasaga chuma. Ukisikia hivyo, zima injini papo hapo. Mmekuja mapema."

Walibadilisha paipu iliyopasuka na kukaza vikazio vyake vyote. Wepukhulu alivikaza mwenyewe kwa bisibisi. Sukhdev alimfundisha kukagua chujio mara kwa mara wakati wa vumbi, kulikung'uta polepole bila kuliosha kwa maji, na kuweka jipya likiziba.

"Chujio likiziba, dawa yake ni jipya," alisema. "Usilitoe ukaenda bila."

Jumamosi walipakia mabati na mbao. Walipita Katito, wakaanza kupanda. Barabara ilikuwa mbaya, yenye mawe na kona. Metrine alitega sikio. Turbo ililia kwa sauti ndogo, laini. Hapakuwa na fssss wala moshi mweusi. Kwenye kona kali kuliko zote, Wepukhulu aliingiza gia ndogo, akakanyaga mafuta. Lori likapanda bila kusita hadi juu.

Watu walitoka mashambani wakipiga vigelegele. Mzee Absalom alimshika Wepukhulu mikono yote miwili. "Erokamano! Asante sana! Wewe ni dereva kweli."

Wepukhulu alipanda nyuma ya lori, juu ya mabati, watu wote wakamwona.

"Asante, wazee wangu," alisema. "Lakini mimi nilisikia kelele nikaiita nguvu. Mke wangu Metrine alisikia ugonjwa. Bila yeye, mabati haya yangelala barabarani. Mpigieni yeye makofi."

Wanawake walimzunguka Metrine wakiimba. Walimshika mikono wakamwingiza ndani ya nyumba waliyoijenga, wakamwonyesha chumba kwa chumba.

Mafundi wa mbao walianza kazi siku ileile. Paa lilikamilika mvua ikiwa bado ng'ambo ya ziwa.

Mwezi uliofuata Wepukhulu na Metrine walirudi na mzigo wa vitanda. Mvua kubwa iliwakuta hapo. Wakakimbilia ndani pamoja na akina mama. Mvua ilipiga mabati kwa nguvu hata watu hawakusikilizana. Metrine aliweka kiganja chake ukutani. Ulikuwa mkavu. Alimwita Wepukhulu kwa mkono, naye akaja akaweka chake.