Jino la Tupokigwe na Lori la Iringa

Kila asubuhi, akishafagia uwanja na kuwapelekea ndama majani, Tupokigwe alikimbia hadi kando ya barabara kuu, pale Uyole, kutazama malori yanayotoka Iringa. Mama yake alikuwa huko, akisomea uuguzi katika hospitali ya misheni. Baba alichimba dhahabu Makongolosi, na msichana alilelewa na shangazi yake, Yudith. Shangazi alikuwa mwema, na chungu chake hakikupoa. Lakini mama ni mama. Lori lilipopunguza mwendo, moyo wa Tupokigwe uliruka. Lilipopita, alirudi nyumbani akiburuta miguu.

Hatimaye dereva mmoja, Mzee Bartholomeo, rafiki wa baba, akakubali kumpeleka Iringa wakati wa likizo. Basi na jino nalo likachagua wiki hiyo hiyo kuuma! Shavu likavimba hata jicho likawa dogo.

"Mtoto wa kulia njia nzima simpakii," Mzee Bartholomeo alisema. "Ling'olewe kwanza. Kesho adhuhuri nitapita hapa."

Shangazi akamchukua moja kwa moja hadi hospitali, mjini Mbeya. Njiani Tupokigwe alijaa woga, kwani aliwahi kumsikia jirani yao Anyitike akipiga mayowe alipong'olewa jino kwa koleo. Lakini muuguzi, jina lake Lea, alimshika mkono.

"Usiogope, mdogo wangu. Tunayo hewa iitwayo nitrasi oksidi. Utaivuta kwa kifuniko hiki cha mpira, na woga na maumivu vitakuondoka. Ila kesho asubuhi uje hujala wala kunywa kitu. Hata maziwa."

"Tumesikia, dada," shangazi akaitikia.

Kusikia alisikia, kukubali ndiko kulikomshinda. Kulipokucha aliweka mbele ya Tupokigwe bakuli la ndizi na maziwa ya mgando.

"Shangazi, walisema nisile."

"Walisema! Wao ndio watakaokulisha njiani? Mtoto wa kaka yangu aanze safari kutoka nyumbani kwangu na tumbo tupu, mama yako atanifikiriaje? Kula. Wakiuliza, niachie mimi."

Kwao hapakuwa na aibu kubwa kuliko kumsafirisha mtoto na njaa. Tupokigwe akala, akitafunia upande mmoja.

Hospitalini Lea akauliza, "Amekula?"

"Hajala kitu," shangazi akajibu bila kupepesa macho.

Tupokigwe akaketishwa kitini. Daktari akafungua mtungi wa chuma, hewa ikaanza kuvuma polepole. Akinyamaza tu, adhuhuri angekuwa ndani ya lori, na muda si mrefu mikononi mwa mama. Akisema, lori lingeenda bila yeye. Aliitaka safari ile kuliko kitu chochote duniani.

Akamtazama Lea katika gauni lake jeupe. Huenda saa hiyo hiyo mama naye, katika gauni kama lile, alikuwa akimuuliza mtoto wa mtu swali lile lile. Kifuniko kikasogea puani.

"Nimekula!" akasema, akikisukuma. "Ndizi na maziwa ya mgando."

Daktari akaufunga mtungi. "Basi ni kesho," akasema.

Lea akamgeukia shangazi. "Mama, mtu akilala kwa hewa hii na chakula kiko tumboni, kinaweza kupanda kikampalia. Mtoto angeweza kutufia hapa kitini."

Shangazi Yudith akakaa kwenye benchi kwa kishindo, khanga mdomoni. "Mungu wangu," alinong'ona. "Nami nilidhani namtendea mema."

Walipokuwa wakirudi Uyole, Mzee Bartholomeo aliwakuta njiani. Akasimamisha lori, akalitazama shavu lililovimba, akatikisa kichwa na kwenda zake. Tupokigwe alilia waziwazi katikati ya vumbi, na shangazi akalia naye.

Siku iliyofuata alikwenda na tumbo tupu kweli. Hewa ile ilikuwa na utamu kidogo. Miguu ikawa myepesi, sauti ya Lea ikaenda mbali, na alipozinduka alijikuta anacheka huku jino likiwa tayari kwenye sahani.

Lakini Mzee Bartholomeo hakupita tena mpaka mahindi ya shangazi yalipoanza kubeba. Siku zote hizo Tupokigwe aliendelea kusimama barabarani.

Alipofika Iringa, mama alimkumbatia, kisha akamfungua mdomo kuliangalia pengo. Tupokigwe akamsimulia yote, hata uongo wa shangazi.

"Shangazi yako anakupenda," mama alisema. "Ila mapenzi hayazuii chakula kumpalia mtu. Mwanangu, mimi huwauliza wagonjwa swali hilo kila siku, wala sina macho ya kuona tumboni mwao. Nategemea waseme kweli, basi. Kweli yako ilikunyima lori, ikakuachia uhai. Nimekungoja sana, na ningekungoja tena, maadamu najua unakuja."

Tupokigwe akalaza kichwa mapajani pake. Nje, barabarani, lori likapita likinguruma. Hakuinuka kulitazama.